Mwiteni Tena Bibi Nyangeta

Bwenini, Mwanza
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mpe Baba shikamoo yangu pia, ukimkuta amerudi kutoka kuuza samaki mwaloni na watu wa magari ya barafu hawajamkasirisha kwa bei yao ya sangara. Mimi mwili ni mzima, nakula, nasoma, na ile homa imekwisha. Lakini sitauliza hali zenu kana kwamba sizijui. Barua yako nimeisoma. Mdogo wangu mchanga bado analia, hanyonyi vizuri, na hajapata jina. Nakujibu kwa haraka kwa sababu kuna jambo linalomhusu ambalo huko hakuna anayelijua.

Hapa shuleni tuna mchezo. Usiogope, si kamari. Rafiki yangu Joram, ambaye mama yake anauza mitumba Mabatini, alikuta boksi katikati ya robota la nguo za watoto. Ndani mlikuwa na ramani, dadu lenye pande ishirini, na kitabu kinene cha Kiingereza kilichonyofoka kurasa za mwanzo na za mwisho. Kinaeleza nchi ya kufikirika yenye majitu, mapango na mfalme asiye na uso. Joram ndiye anayesimulia safari. Sisi wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya safari hiyo. Tunasema anachofanya, halafu dadu linaamua kama ameweza. Tunacheza mwisho wa wiki, mchana, juu ya jiwe kubwa nyuma ya bweni, pale ziwa linapoonekana lote.

Kwa kuwa kurasa hazipo, nusu ya mchezo ni ubishi. Kwa nini mfalme hana uso? Deo, anayetoka Bukoba, anasema kila mtu humwona mfalme na uso wa yule anayemwogopa. "Mimi namwona mwalimu wa hisabati," anasema. Joram anasema hakuna fumbo lolote, mchoraji alisikia kengele ya chakula akakimbia. Ubishi umeenea mpaka kwenye foleni ya ugali. Hata wasiocheza wanatudaka: "Jamani, leo mmefika wapi?"

Unajua mimi si msemaji. Waliponiuliza mtu wangu atakuwa nani, wenzangu wakiwa wapiganaji na wachawi, nilitupatupa vijiwe hadi wakaanza kunizomea. Ndipo nikasema, "Mimi ni bibi kizee. Anaitwa Nyangeta."

Sikupanga, Mama. Bibi alipofariki tulikuwa kwenye mitihani, sikumzika. Nadhani nilitaka tu kusikia watu wakilitaja jina lake.

Nikawa nasema kama yeye. Jitu lilipotuzuia njiani nililiuliza, "Wewe mtoto, umeoga lini?" Nikatupa dadu, likatoa ishirini. Jitu likaona haya, likapisha. Wavulana walicheka mpaka Deo akateleza jiweni. Tangu siku ile wananiita Bibi. Kaka mmoja wa kidato cha sita alinikuta bombani akainama kwa utani: "Shikamoo, Bibi!" Nikaitika, "Marahaba, mume wangu," bila aibu, vile Bibi mwenyewe alivyozoea kuniita mimi. Yule kaka alikwenda zake akicheka. Ndoo yangu ilijaa, ikamwagika, nami nimesimama tu, kwa sababu niliona kama ile sauti sikuitoa mimi.

Baada ya hapo majibu yake yakawa yananijia kabla sijayafikiri. Deo akaniuliza mbona kila nikikaa nasugua goti la kushoto. Sina ugonjwa wa goti, Mama. Unajua nani alikuwa nao.

Sasa nikwambie la Jumapili moja. Tulikuwa tunavuka kinamasi. Joram alikuwa akisimulia: "Maji yamewafika kiunoni, ndege wote wamenyamaza..." Mimi nikageuza kichwa upande wa ziwa nikasema kwa nguvu, "Nani ananiita? Ngojeni, nina shughuli na hawa watoto."

"Hakuna aliyekuita, Bibi," Joram akasema.

"Yupo. Ni wa nyumbani."

Wakacheka sana. Wiki nzima shule ikabishana nani alimwita Bibi. Joram alisema ni mfalme. Deo alisema ni binti wa huyo Bibi, aliyefungwa ngomeni. Mmoja wa bweni la pili akaja na lake, kwamba Bibi ni mke wa mfalme aliyemkimbia, "na ndiyo maana mume hana uso, ataonekanaje mbele za watu?" Nami nilicheka pamoja nao.

Kisha barua yako ikafika. Umeandika kwamba Jumapili hiyo hiyo, baada ya ibada, Shangazi alimpakata mtoto uani, mkaanza kutaja majina ya waliotutangulia, mmoja baada ya mwingine, mkingoja anyamaze kwa jina analolitaka. Mlipolifikia la Bibi wote mlikuwa na hakika. Mtoto akazidi kulia. Umeandika, "Ilikuwa kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe ametoka."

Mama, alikuwa hapa.

Najua Baba atasema mambo haya tuliyaacha tulipobatizwa. Mimi pia nimesoma baiolojia, najua mtoto anaweza kulia kwa ajili ya tumbo. Mpelekeni zahanati, nawaomba, wala msikawie. Lakini tangu nisome barua yako nimekuwa kama mtu aliyekalia nguo ya mwenzake, na mwenzake anahangaika kuitafuta.

Leo mchana nilimwambia Joram kuwa nataka mtu wangu atoke safarini. Akashtuka. "Bibi atoke? Watu watatuponda mawe!" Watazamaji walikuwa wengi kuliko siku zote. Mmoja akasema, "Basi aliwe na joka." Nikasema hapana, hafi mara mbili. Joram akafungua kitabu. Ukurasa unaoeleza namna ya kumtoa mtu haumo. Wakakubaliana dadu liamue, likizidi kumi aende. Nikalitupa. Likatoa mbili.

"Bibi hatoki! Bibi hatoki!" wakawa wanaimba na kupiga makofi.

Nikasimama. Nikawaambia kwa sauti yangu mwenyewe, hii ndogo unayoijua, kwamba huyu mnayemshangilia ni bibi yangu mzaa baba, amefariki, na nyumbani kuna mtoto anayelia anamngoja. Makofi yakakatika. Nilidhani watanicheka hadi nimalize shule. Deo ndiye aliyesema kwanza, taratibu: "Joram, mwache mama wa watu aende."

Joram akalitia dadu mfukoni. Akaanza kusimulia bila utani wake: "Kinamasi kimekwisha. Mbele kuna njia kavu, na jua bado lipo." Wakamuaga mmoja mmoja, kila mtu kwa kinywa cha mtu wake. Mpiganaji alimpa maji ya njiani. Mchawi wa Deo, ambaye haaminiki hata kidogo, alimrudishia kiko alichomwibia. Hata wasiocheza wakasimama, kama watu wanavyosimama mgeni anapotoka nyumbani. Joram akaniuliza, "Bibi anasemaje?"

Nikafungua kinywa. Hakikuja kitu. Nilingoja, nao wakaningoja. Mwisho nikasema, "Ameshaondoka."

Tangu hapo nimejaribu, peke yangu nyuma ya jiko la shule, kusema hata neno moja kama yeye. Inatoka sauti ya mvulana anayeigiza kizee. Sikujua kuwa nitamlilia leo, na kwamba nitamlilia hivi.

Barua hii anakuja nayo Mama Rhoda, jirani yetu muuza dagaa, anayeondoka mjini hapa kesho alfajiri. Akiifikisha, msingoje Jumapili. Msalimie Shangazi, umwambie ampakate mtoto kama ile siku. Msalimie Babu mdogo, mfumaji wa nyavu, naye awepo, kwa sababu ndiye anayejua majina yote ya Bibi, hata la utotoni. Msalimie mjomba wangu mwalimu. Mwambie hisabati napambana nayo.

Mwiteni, Mama. Mtoto akinyamaza, sitahitaji maelezo, niandikie jina lake tu. Akiendelea kulia, niandikie hivyo hivyo bila kunipunguzia, maana nitajua kwamba huku nimemwachia, na huko hamjampokea.

Ni mimi mwanao,
Masatu