Kadi Ndogo na Picha ya Baba

Makole, Jumapili, mwezi wa nane. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye chai.

Jana jioni nimerudi kutoka kijijini Mlali kumwona mama, na tangu nirudi sijatulia. Nimekuja hapa intaneti kafe kwa sababu nyumbani kukiwa kimya namsikia akiniuliza lile swali lake. Acha niandike, labda litapungua uzito.

Niliponunua kamera ya dijitali mwaka juzi, kijana wa dukani aliniambia, "Dada, chukua memori kadi ya giga moja. Utapiga picha na video mpaka uchoke." Mimi nikachukua ya MB 128. Si kwamba hela ilikosekana. Nilijiona mjanja. Mwenzangu wa masjala alikuwa amenifundisha kwamba ukiiweka kamera kwenye ubora wa chini kabisa, hata kadi ndogo inabeba picha mia kadhaa. Video usiguse, inakula nafasi.

Nikatamba nayo ofisini wiki nzima. Nikapiga picha keki za kuwaaga wastaafu, viatu vyangu vipya, zabibu za jirani, mbuzi wa jirani. Mia kadhaa kweli, na zote ndogo.

Krismasi ile nikaenda nayo nyumbani Mlali. Baba alisimama mbele ya kihenge chake cha mahindi, amevaa koti la kanisani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipoiona kamera alijikohoza, akaweka mikono nyuma kama diwani, akauliza, "Nikisema, itashika sauti?"

"Inashika, baba, ila itajaza kadi. Simama tu."

"Maneno machache, mwanangu. Mimi na mama yako…"

"Baba, tulia!" Nikabonyeza.

Naona aibu kuandika hili. Nafasi niliyomnyima baba nilikuwa nimempa mbuzi.

Baba alifariki mwezi wa tano. Picha yake ni hiyo moja, ukiacha ile ya kadi ya kupigia kura, ambayo uso wake hauzidi ukucha. Na mama, ugonjwa wa vikope umemla macho miaka mingi. Kitu kikubwa na cha karibu anakiona kwa shida, kidogo hakioni kabisa. Aliniomba jambo moja tu: nimkuzie picha ya mzee, ikae ukutani, awe anamwona.

Nimezunguka studio tatu hapa mjini. Kila ikikuzwa, uso wa baba unageuka vigae vya kahawia na vyeusi. Fundi wa studio ya mwisho alinihurumia. "Dada, hii ulipiga ndogo mno. Hakuna cha kukuza hapa." Nikamwambia akuze hivyo hivyo, nikatafuta fremu nzuri, utadhani fremu ingeficha kitu.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza mpaka pua ikagusa kioo. Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akairudisha kifuani, akaisogeza tena.

"Koti nimeliona," akasema. "Uso ndio umenipotea. Anacheka?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini kwenye kioo cha kamera, picha ikiwa ndogo, nimeitazama mara nyingi mno, na mdomo unaonekana.

"Hacheki, mama. Mdomo uko wazi. Alikuwa anaongea."

"Anasema nini?"

Nikasingizia kuwa maji yanachemka, nikaenda jikoni, nikalia.

Majuto ni mjukuu, walisema. Wangu amekuja na meno yote.

Leo baada ya ibada nimepita dukani, nimenunua kadi ya giga mbili. Yule kijana hakunikumbuka, nami sikumkumbusha. Imo ndani ya kamera, tupu.

Jumamosi narudi Mlali. Nitamkalisha mama kibarazani, niweke video, na sitaangalia nafasi iliyobaki. Aongee mpaka achoke yeye, si kadi. Ameishi na baba miaka arobaini. Nitamwambia maneno mawili matatu niliyomkatiza mzee, halafu nimrudishie swali lake: mama, unadhani alitaka kumalizia vipi?