Mashine Kubwa Ibaki Hukohuko Durban

Maili Moja,
Kibaha, Pwani.
17 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Silas,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama Mdogo Esteria alituambia baridi ya huko mwaka huu imekushika vibaya, mpaka kiwandani unafanya kazi na koti. Pole sana. Jichue kwa ile dawa, usijifanye kijana. Sisi hapa ni wazima. Mama yuko Maneromango tangu wiki iliyopita, anavuna mihogo. Barabara ya kule ni ileile unayoijua, alifika kiuno kikimuuma kuliko huo mgongo wako.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ukianza kufoka mimi hunyamaza, halafu unadhani nimekubali. Sijakubali. Jirani yetu Tereza anakuja huko Ijumaa, atakukabidhi mkononi. Tafadhali isome mpaka mwisho.

Ni kweli niliharibu ubao wa kwanza. Najua Limbu ndiye aliyekuambia, mwanao huyo mdomo wake hauna breki. Vijana wa klabu moja ya Kigamboni wametuagiza mbao sita za kuteleza kwenye mawimbi, hizo unazoziona kila siku ufukweni kwenu. Ndani ni povu gumu, nje ni faiba. Chini, kwenye mkia, unachimba vishimo vitatu, unapachika visanduku vya plastiki, na mapezi ya kuuongoza ubao majini yanaingia humo. Pezi likicheza, ubao haufai.

Nikachukua ile mashine kubwa ya marehemu baba, ruta tunayochimbia vitasa vya milango. Nikaiwekea kina cha kitasa. Mkono ulikwenda wenyewe, miaka kumi na miwili ya mninga si mchezo. Lo! Mninga hukubishia, povu halibishi kabisa. Mashine ikaelemea upande pale mkia unapopinda, na kabla sijaizima ilishatokea upande wa pili. Nililia, Baba Mdogo. Nilijifungia stoo nikalia kwa hasira.

Ndipo ukapiga simu. Ukasema unatuma ruta nyingine, kubwa zaidi, na nikiharibu ubao wa pili mashine zote za karakana azishike Limbu, mimi nibaki na msasa na rangi. Msasa na rangi! Mimi niliyemshikia baba mbao tangu sijui hata kusoma!

Sasa nisikilize na wewe. Hiyo mashine usiitume. Nguvu hazikupungua, zilizidi. Nilikwenda Kariakoo na kipande cha povu kwapani, duka hadi duka, wauzaji wakanicheka weee. Mmoja, Maulidi, aling'ang'ana na dude kama hilo lako: "Dada, hii inakata hata jiwe!" Nikamwambia mimi sikati jiwe. Nilitaka ya kushika kwa mkono mmoja, yenye kitako kidogo kisichoyumba, na skrubu ya kina ambayo ukishaikaza haisogei. Duka la tisa nikaipata. Kisu nikachagua kifupi, chenye bealingi kwa juu, kigurudumu kinachozunguka. Nikachonga plaiwudi yenye tundu la ukubwa wa kisanduku, nikaibandika juu ya povu, bealingi ikawa inatembea kwenye ukingo wa tundu na kisu hakitoki nje ya mstari.

Nilijaribu kwenye mabaki mara kumi na nne kabla ya kugusa ubao wenyewe. Kina nilikipima kwa kisanduku, si kwa mazoea. Limbu alikuwa amesimama mlangoni muda wote, ameshika kiuno. Nilipomaliza nikampa mashine ajaribu kwenye kipande kilichobaki. Akakata kidogo, akaizima. "Dada, mimi niachie milango yangu." Hilo hakukupigia simu kukuambia, sivyo? Muulize.

Jumamosi Ponsiano, kiongozi wa klabu, aliingia baharini na ubao huo wa pili mbele ya macho yangu. Akaanguka, akapanda, akaanguka tena, bahari inaupigiza ubao kwenye mchanga. Nilipougeuza, nikavuta pezi mojamoja kwa mikono yangu miwili. Hakuna lililotikisika. Amesema niendelee na tano zilizobaki.

Lakini usije ukasema kwa kuwa nimefaulu, basi umeniruhusu. Sikuandikii kuomba ruhusa. Hata huo wa pili ungetoboka, karakana nisingempa mtu. Ningelia tena stoo, na kesho yake asubuhi ningeanza wa tatu. Nakuheshimu kama baba aliyenizaa, na kwa hili sikutii.

Msalimie sana Mama Mdogo, mwambie vitenge vilifika na mama amenyang'anya viwili. Wasalimie Juliana na Ipyana, wasisahau Kiswahili. Limbu anakusalimu, ingawa hajui nimeandika nini humu.

Mungu akunyooshee mgongo, akulainishie na moyo.

Mwanao akupendaye asiyebadili neno,

Yunis Masanja
Fundi Mkuu