Msamaha wa Laibrari

Jumanne, Nyaishozi, 1998

Nimeupata huo msamaha wa kuificha programu yetu. Siku tatu nasoma leseni ya laibrari, ile programu ya bure tuliyoichomeka ndani ya programu yetu ya kupima kahawa. Inasema tukiitumia tu, yetu ibaki siri. Tukiibadili laibrari yenyewe, mabadiliko tuyagawe kwa yeyote anayeomba.

Katibu wa ushirika, mzee anayefungia hata kalamu kabatini, hakuelewa. Nikamuuliza, "Jirani akikupa mche wa mgomba, ndizi ni za nani?"

"Zangu."

"Na mwingine akija kuomba chipukizi la mgomba huo?"

"Nampa, binti. Kunyima mche ni aibu."

Akafurahi mno. Kwa hesabu yake, sisi tunakula ndizi tu, siri yetu salama, maana wezi wa programu wamejaa Nyaishozi, penye kompyuta moja.

Sijamwambia kwamba laibrari yenyewe nimeshaibadili karibu nusu. Machipukizi yameshaota.