Foronya ya Wifi Mwanaidi

Ijumaa

…na hata chai hakunywa kwanza. Wifi yangu Mwanaidi ametoka Baleni mpaka kwangu Kilindoni, nikampa foronya niliyomdarizia miezi mitatu kwa kuhesabu uzi mmoja mmoja, naye papo hapo akaigeuza upande wa nyuma. Kila tukibadilishana kazi zetu ni hivyo hivyo. Jogoo niliyemdarizi mbele wala hakumtazama. Anachotaka yeye ni kuona mafundo.

Safari hii nilijihami. Nilishonea kitambaa cheupe nyuma, mafundo yote yakafichika.

"He! Wifi, jogoo umemvisha kanzu?" Akacheka mpaka ushungi ukamdondoka.

Nilinuna, sitaficha. Alipoondoka nikaichukua foronya aliyoniletea yeye, nikaigeuza kutafuta kosa. Nyuma safi kama mbele. Mwanamke huyu! Basi nikayasifu maua yake na yale majani ya kijani, tena kwa sauti, binti yangu asikie kwamba mimi sina kijicho.

"Mama," akasema, "mbona majani haya ni ya bluu?"

Nikaipeleka dirishani. Bluu kweli.

Nikashika simu nimpigie wifi, nimcheke mpaka akome. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi nimeyaona ya kijani. Na mafundo yangu siku hizi yalivyozidi…

Simu nikaiweka chini.

Jumatatu nakwenda kupimwa macho. Wifi nitamwambia mgonjwa ni mimi, yeye anisindikize tu; tukishafika, na yeye atapimwa.