Mkanda wa Nne

Ijumaa, 20 Juni 1958

Mkamwana wangu Ok-bun kaniletea sahani nzima ya peremende za mchele. Sahani nzima! Mwanamke anayenipimia hata supu. "Kula, Baba, zisije zikayeyuka." Kazitoa wapi? Eti kafagia ghala, takataka kampa yule mchuuzi anayepita akipiga mikasi kuita wateja, naye kamlipa peremende. Hmm. Ana lake jambo huyu.

Nimezila zote.

Jumatano, 2 Julai

Gulio. Mwanangu Dal-ho kaninunulia kofia ya majani ya ngano, ina utepe mweusi unaong'aa. Mwaka huu zote ndivyo zilivyo. Sijui anataka nini kwangu. Imenikaa vizuri, lakini.

Alhamisi, 3 Julai

Mkanda wa nne haupo!

Ghala lote nimelipekua. Mikanda sita ya sinema yetu bubu ya 1928 — mimi nasimama pembeni ya kitambaa cha kuoneshea, nawasemea wote, waume kwa wake, mpaka ukumbi mzima unalia. Nakala nyingine hakuna, vita vilizila. Mitano ipo. Wa nne, wenye Ae-dan, marehemu mke wangu, hakuna!

Nyumba ilipoungua hatukuokoa hata picha moja ya mke wangu. Tarehe 12 ni kumbukumbu ya kifo chake. Nilitaka nikate kipande, studio wamkuze, safari hii kwenye meza ya sadaka nimwekee uso wake badala ya karatasi yenye jina.

Ni Tak. Tak Se-un, fundi wa mashine yetu ya sinema, aliyemtaka Ae-dan kabla yangu. Miaka thelathini ananiambia, "Turudie wa nne." Ni yeye tu!

Jumatatu, 7 Julai

Nimekwenda kwa Tak. Sikusema kitu, nimeangaza macho tu.

"Unatafuta nini uvunguni mwangu, we mzee?"

Panya, nikamwambia. Macho yake mekundu. Eti vitunguu. Mwongo mkubwa!

Nimemuuliza Ok-bun kama Tak alifika ghalani. Akaanza kuosha kabichi ambayo alikwisha kuiosha. Wamekula njama hawa.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nimekalia gunia la pilipili, hapa gulioni. Naandika kila nikipata nafasi.

Asubuhi nimemkuta Tak ana mapeasi mawili, matunda ya meza ya sadaka ya Ae-dan. Nani kamwomba? Nikamlipukia mbele za watu. Mwizi! Ulimkosa akiwa hai, sasa umemwiba! Yeye alikuwa ameikodolea macho kofia yangu. Akanivua.

"Mjinga we," akasema.

Akauchomoa utepe, akauinua juani. Vitundu pembeni: ni mkanda wetu wa sinema! Vijipicha ishirini na kitu — Ae-dan anapanda ngazi za hekalu, mgongo tu. Mwishoni huwa anageuka. Hapo nilikuwa nikipaza sauti, "Geuka, binti, geuka!" Utepe umekatwa kabla hajageuka.

Siku kumi nimemvaa kichwani! Na zile peremende... nilizila zote mimi. Mungu wangu, Ae-dan, nisamehe. Ok-bun, naye yupo gulioni, tumemuuliza, kaanguka kilio: "Baba, nilidhani ni taka, inanuka, nikampa mchuuzi, naye kawauzia washona kofia!" Sikuweza hata kumgombeza.

Sasa tunavua watu kofia, mimi na Tak. Wanatucheka. Kofia tano, ngazi tupu. Ya sita ni ya mzee muuza ndama. Tak kamsogelea, kainamia utepe, kapiga ukelele: "Yupo! Anageuka!"

Au ananidanganya? Huyu Tak simwamini hata sasa.

Mzee kagoma. "Nivue kofia kwa jua hili? Mna wazimu nyie!" Tak kampigia magoti, kampa mapeasi yote mawili. Mzee kayapokea, kafungua kamba ya ndama, kanipa mgongo, anakwenda zake. Tak ananipungia: mwite, we ndiye mwenye sauti!

Nimefungua kinywa niseme "Geuka!" kama zamani. Sauti haitoki. Naye anazidi kwenda —