Maji ya Njiani

Shinyanga, 14 Oktoba 1974

Mama mkwe, shikamoo.

Watoto wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha. Mvua bado.

Jumapili mwanao alishindana mbio za baiskeli kutoka Isaka hadi hapa mjini. Jua lilikuwa kali mno. Watu walimpa maji njiani, akayakataa yote, kwani ulimwonya kuwa wapinzani wangemtilia dawa. Alianguka akiwa anaongoza. Sasa yuko hospitali, dripu ameichomoa mara mbili. Leo asubuhi nilimpelekea maji kwa kikombe chetu cha nyumbani. Akanitazama kama mgeni, akauliza, "Nani kakutuma?"

Naogopa, Mama. Nisamehe, lakini wewe ndiye uliyemkataza. Njoo na treni ya kwanza, umnyweshe kwa mkono wako.

Mkweo,
Apolonia