Nimelazwa Chini ya Blaindi

Jumatano, tarehe kumi na tatu. Wiki ya saba tangu nitoke Zombe. Hapa Mtito Andei joto linakausha mate mdomoni, na mimi nimelala chali kitandani saa kumi alasiri, kwa amri.

Si ugonjwa. Ni adhabu.

Nianze na ukweli. Mimi ni mtu wa sururu na chepe. Shule niliiacha darasa la sita, na kilichonileta hapa ni kuchanganya simiti ya choo kipya cha hii loji. Choo kikaisha. Mama Zuhura, mwenye loji, akaniuliza kama naweza kufunga blaindi, yale mapazia ya kuviringisha, vyumba vyote kumi, maana wateja wake ni madereva wa malori wanaolala mchana, na jua la hapa halibishi hodi. Nikasema naweza. Sijui ni nani aliyejibu, lakini mdomo ulikuwa wangu.

Nilikuwa na haraka. Jumamosi hii mwethya, kazi ya kusaidiana, ni zamu ya shamba letu. Majirani watakuja na majembe kutuchimbia matuta ya kuzuia maji, kama mke wangu Mwikali anavyowachimbia wao. Zamu iliyopita sikuwepo, Mwikali akawaambia naumwa. Safari hii ameniambia kwa simu kwamba hawezi kuniuguza mara mbili. Nisipoonekana tutatolewa kwenye kikundi, na hayo matuta tutayachimba wawili mpaka uzee.

Basi Jumamosi iliyopita nikafungua maboksi. Ndani kulikuwa na karatasi ya maelezo, skrubu, na vijiplastiki vya kijivu vyenye meno. Karatasi sikuisoma. Vijiplastiki nikadhani ni vya kuzuia skrubu zisikwaruze blaindi njiani. Nikavichoma pamoja na maboksi.

Drili niliazima. Nikatoboa ukuta, nao ni wa tofali laini, nikaingiza skrubu. Iliingia bila shida na ikatoka bila shida. Hapo nikakumbuka mlango wetu wa nyumbani. Kule kwetu ukuta ukikataa msumari tunachonga kigingi cha mti, tunakigongea ndani ya tundu, halafu msumari unauma kigingi. Nyuma ya loji kuna mti wa mukau. Nikakata tawi, nikachonga vigingi, nikagonga. Vilikaza, wacha! Jumapili jioni blaindi zote zilikuwa juu, na Mama Zuhura akaanza kuniita fundi. Nilimpigia Mwikali nikamwambia naweza hata kufika mapema.

Jana moja ikaanguka.

Chumba namba nne alikuwemo dereva anaitwa Kilonzo, ametoka Mombasa na mzigo wa vigae. Tulisikia kishindo, halafu ukelele. Akatokea uani kitambaa cheusi kimemzunguka shingo, mnyororo wa blaindi ukiburutika nyuma yake.

"Mama! Mimi nililipa kitanda, sikulipa sanda!"

"Pole baba, pole sana," Mama Zuhura akasema, huku akinitazama mimi. "Huyu ndiye fundi wangu."

"Huyu? Huyu ni fundi wa mazishi!"

Akacheka mwenyewe, nikamshukuru Mungu. Nikapanda ngazi kuangalia. Kigingi kilitoka kwa vidole viwili. Nikaenda chumba cha tano, kikatoka. Cha sita kilikuwa kimeshaanza kuchungulia chenyewe.

Mama Zuhura hakupiga kelele. Alisema hivi tu: "Hutoki hapa mpaka zote kumi zikae. Na kila utakayofunga, wewe ndiye utalala chini yake kwanza, saa nzima. Sitaki kuua watoto wa wenyewe."

Nikaenda dukani kwa Mzee Abdi, anayeuza vifaa vya ujenzi karibu na kituo cha mafuta.

"Ukuta wa nini?" akaniuliza.

"Wa loji."

"Sikuuliza wa nani. Ni tofali, bloku au zege?"

Nikamweleza yote, pamoja na mukau. Akavua miwani.

"Hilo tawi lilikuwa kavu?"

"Lilikuwa na majani, mzee."

"Na hapa ni Mtito, kijana wangu. Hapa hata mimi nimepungua."

Mti mbichi hukauka ukasinyaa, tundu likabaki vilevile. Mimi mtu wa Zombe, nimeona miti ikikauka maisha yangu yote, na ilibidi niambiwe dukani.

Kisha akaweka mbele yangu plagi, ya kuingia tunduni ili skrubu iwe na cha kuuma. Kijiplastiki cha kijivu, chenye meno.

Nilikitambua. Nilichoma arobaini.

Akanifundisha polepole kama mtoto. Biti ya drili iwe na unene ule ule wa plagi. Kwa tofali laini, drili izunguke tu, isigonge. Nizungushie biti utepe nijue pa kukomea, nipulize vumbi litoke, ndipo nisukume plagi, na skrubu iipite plagi kidogo kwa urefu. Mambo haya yote, nadhani, yalikuwa kwenye ile karatasi.

Leo nimefunga sita, matundu mapya kando ya yale mabovu, na mabovu nimeyaziba. Chini ya ile ya tano nilipitiwa na usingizi saa mbili nzima, mpaka Mama Zuhura akaja kugonga mlango: "Nilikuambia ujaribu blaindi, si godoro!"

Hii ninayoitazama sasa ni ya sita. Haijatikisika. Chumba ni giza zuri, na kwenye giza hili limenijia jambo ambalo ningependa lisinijie. Mlango wetu kule nyumbani umelegea unaburutika chini, na miaka mitatu sasa nawalaumu mbuzi wa Mwikali kwamba wanausukuma. Mmoja nilimpiga hata na kiatu.

Vile vigingi pia nilivikata vibichi.

Kesho nafunga nne zilizobaki na kuzilalia. Ijumaa asubuhi natoka. Mwikali, Ijumaa jioni nitashuka Zombe na plagi mfukoni, na Jumamosi majirani watanikuta shambani. Jumapili ni mlango. Mbuzi nitawaomba msamaha mwenyewe.